Unga Ndani ya Buti

Mpendwa Wambui,

Huku Yamumbi tuko wazima. Mvua imeshika, mahindi yamefika kiunoni, na shosho yako anasema umekonda kwenye picha.

Umeniuliza mbona buti ya gari lako bado inalowa na fundi ameshabadilisha mpira wa kifuniko. Achana na mpira. Maji hayalali pale yalipoingilia.

Gari letu la kwanza lilikuwa hivyo hivyo, miaka ile ya chama kimoja, kabla mama yako hajazaliwa. Tulikuwa tumemzika mtoto wetu, dada yake, na shosho yako alikuwa ameacha kuongea. Hayo tuyaache.

Nilipaka unga wa ngano mkavu kila bati lilipoungana, nikajilaza ndani ya buti na tochi. Shosho yako akanifungia, akaanza kumwaga maji juu ya gari. Tulikubaliana nikiona yanapoingia, nigonge.

Giza lile lilikuwa tamu, Wambui. Lilinukia ngano, na maji yalipita juu yangu kana kwamba nimelala chini ya mto. Kisha nikasikia sauti yake. Aliita jina la mtoto polepole, kama anayembembeleza alale. Jina hilo ndilo lako. Na mimi miezi yote hiyo nilidhani amenikasirikia.

Jaribu unga. Kwetu maji yalikuwa yakiingilia kwenye taa ya nyuma.

Tone nililiona mapema, likichora mstari kwenye unga. Sikugonga. Nilimwacha amwage na kuita mpaka ndoo ikaisha.

Guka wako