Kompyuta ya Bosi Imewaka, Mimi Nimezimika

Mwenzangu, leo nimeaibika mpaka basi.

Unaikumbuka kompyuta ya bosi niliyoiwekea mfumo wa Linux? Siku tatu, kila ikiwashwa inaganda kwenye nembo. Siku tatu! Nimeifuta na kuiweka upya mara nne.

Leo yule binti mpya wa mapokezi kapita na kikombe chake cha chai. Wa mapokezi, nakwambia! Kainama nyuma ya mashine, kachomoa flashi yangu ya kuwekea Linux niliyoisahau, kawasha. Ikawaka!

Bosi: “Huyu ndiye fundi wetu!”

Fundi wetu!! Miaka sita mimi ndiye wa kompyuta hapa ofisini, hajawahi kuniita hivyo. Kwa wivu, hata hongera sikumpa.

Halafu binti kanifuata kwenye korido, kanitilia flashi mkononi: “Dada, nimemwambia bosi ni waya uliolegea tu.”

Sasa hata kumchukia kaninyima!