Baba Kulwa, Ulitukataza Kugonga Matimba

Baba Kulwa,

Salamu sikuletei. Kulwa na Doto wazima, wako darasa la tatu, na hilo ndilo jema la mwisho utakalolisoma humu. Naiandika barua hii wazi, wasome na wengine, kwa sababu uliyoyasema juu ya ndugu yangu uliyasema mbele za watu.

Unakumbuka ulivyofika kambini kwetu, huku upande wa Buseresere? Ulitoka Mwadui na begi moja, hujui hata kushika sururu. Baba yangu ndiye aliyekupokea kwenye duara lake, shimo la dhahabu alilolichimba tangu nikiwa mtoto. Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi pale juu. Ulikuwa ukipanda kutoka shimoni uso mzima vumbi, unaniomba kikombe cha pili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kiwanja. Nilikupenda kwa hilo. Nina hasira, lakini sitasema uongo.

Na Baba unamkumbuka, asubuhi. Alikuwa akipiga magoti mdomoni mwa shimo, kofia kifuani, akisali kwa Kisukuma sala ndefu mpaka wachimbaji wanahamisha uzito mguu hadi mguu. Kisha anainuka. "Amina. Haya, nyundo." Anashuka wa kwanza, anayagonga matimba, ile miti inayozuia kuta zisiporomoke, mmoja baada ya mwingine. Mti mzima hulia sauti kavu. Uliooza hutoa sauti nzito, ya kuziba. Uliooza aliutaja kwa sauti, akauchora alama kwa mkaa, na hakushuka mtu mpaka ubadilishwe. Siku moja ulimuuliza kwa nini asimwachie Mungu. Akakwambia Mungu ameshafanya sehemu yake kwa kumpa masikio.

Baba alipofariki, duara likabaki mikononi mwako, na Masanja, mdogo wangu, akawa msaidizi wako. Mwaka wa kwanza ulifanya kama ulivyofundishwa. Halafu ukaanza kuwasikiliza kwenye simu wale walimu wa mafanikio. Ukiliwaza, linakuja. Ukilitamka, limekuwa. Ulibandika picha ya gari ukutani, na kila asubuhi tukasimama mbele yake tukishukuru kwa gari ambalo hatuna. Nilishukuru nami. Nilidhani ni mchezo wa mtu aliyechoka.

Mchezo ukashuka shimoni. Ukawapanga wachimbaji mstari, ukawatamkisha kwamba dhahabu inawatafuta, na nyundo ukaifungia kwenye sanduku. Ulisema kugonga ni kutafuta ubovu, na anayetafuta ubovu anauita. Wengine walifurahi, maana kugonga kunachelewesha kazi. Masanja hakufurahi. Alikufuata nyumbani, mimi nakanda unga wa maandazi, akakwambia, "Shemeji, mti wa tatu umeoza. Nimeugonga kwa ngumi tu, nimesikia."

"Futa hiyo kauli," ukamjibu. "Unatuletea mkosi."

Akaifuta. Alikuheshimu kiasi hicho. Kesho yake akashuka.

Sitaeleza kishindo. Waliokuwepo wanajua, na wewe hukuwepo, ulikuwa mjini kwa fundi ukipimwa suti. Walimtoa Masanja kifusini jua likiwa bado juu, na hospitali wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Hilo peke yake ningeweza siku moja kulisamehe, kwani machimboni huumia hata wanaogonga. Lakini ulikuja wodini, ukasimama miguuni pa kitanda chake, mama yangu yupo, wachimbaji wapo, ukasema, "Masanja alishuka na hofu. Hofu yake ndiyo iliyoliangusha duara." Mama, aliyetulea kwa jembe la mkono na sala, akainamisha kichwa akidhani amekosea kumlea. Ukampa pole. Ukaondoka, na hujarudi.

Unajua ulichomwachia? Mguu ameshauzoea. Asichokizoea ni hatia. Mwaka mzima amekuwa akimwomba Mungu msamaha kwa kuogopa. Mboga ikizidi chumvi hasemi, anakula tu, asije akaharibu kitu kwa mdomo wake. Mwanaume wa miaka ishirini na sita anaogopa kusema chumvi imezidi, na wewe ndiye uliyemfanya hivyo.

Kwa hiyo duara nimelifukua. Nilijifunga kitenge kiunoni, nikawaita wachimbaji wanne waliobaki, tukasali, tukavunja kufuli la sanduku. Miezi miwili ya kutoa kifusi kwa ndoo na kamba, Mama akifunga na kutuombea kila Ijumaa. Tukaufikia mti wa tatu. Niliubeba mwenyewe mpaka nyumbani, nikamwekea Masanja mapajani. Akauminya, ukamomonyoka vidoleni kama kiporo cha ugali.

"Dada," akasema, "kumbe ulikuwa mti."

Akalia, nikalia naye, na nilipomaliza kulia nilitamani kukuua. Mungu anisamehe, lakini sijamwomba bado.

Sitakuua. Nasikia umekuwa mwalimu, una ukumbi wako Kagongwa, na kila semina unasimulia habari za kijana mmoja ambaye hofu yake iliangusha mgodi. Watu wanapiga makofi. Jumamosi hii simulia tena, tafadhali, usipunguze kitu. Tutakuwa safu ya mbele: Mama, wale wachimbaji wanne, mimi, na huyo kijana na magongo yake. Nimeambiwa ukimaliza huwa unauliza nani ana ushuhuda. Masanja anao. Tangu Jumatatu anaufanyia mazoezi jikoni kwangu, kwa sauti, na jana katikati ya mazoezi alinyamaza akaniambia mchicha hauna chumvi ya kutosha. Ukikataa kumpa kipaza sauti, atasema bila hicho. Ukikimbilia mji mwingine, tutakuja huko pia. Tuna nguvu za kutosha, tumetoka kufukua shimo.

Kwaheri ya mke ulishaipata siku ile wodini. Anayekuja Jumamosi ni

Dada yake Masanja.