Msiba Ulionizulia Asubuhi

Baba Watoto,

Maharage yamo kwenye sufuria kubwa, yapashe kwa moto mdogo. Kitinda mimba asitoke bila sweta, bado anakohoa.

Nilikusikia leo asubuhi. Mimi nipo ukumbini najaza tairi upepo, wewe jikoni unamwambia dada yako kwenye simu, "Wifi yako hayupo, amekwenda msibani." Msiba wa nani, baba? Tangu mwaka jana najifua, leo ndiyo mashindano yangu ya kwanza ya baiskeli, nawe unaona haya kusema mkeo anashindana! Bora ungesema nimelala.

Halafu mtaa mzima unajua. Nimewatangazia mwenyewe, kuanzia kinyozi hadi fundi viatu, na wote wanakuja kunishangilia. Dada yako naye nimesikia ukimjibu, "Haya, karibuni mchana." Anakuja na mashoga zake kutoa pole. Uso utauficha wapi?

Viti vya ziada kaazime kwa jirani.

~~Njooni nyote mnisubiri pale sokoni, kwenye mstari wa kumalizia.~~

Watoto waje na dada yao mkubwa. Wewe baki upokee rambirambi.

Mama Watoto