Upanga Uliolegea Mpini

Woolwich, London
Jumapili, baada ya alasiri

Kaka yangu mpenzi Twalib,

Assalaam alaykum. Natumai karatasi hii itakukuta barazani na kahawa yako, na lile goti limekupa ruhusa ya kukaa bila kunung'unika. Wifi yangu Siham hajambo? Ile presha imeshuka, au bado anaweka chumvi mkono mzima halafu anamlaumu daktari? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ipo, lakini ya mwaka huu ina adabu. Kazini kwangu wazee ninaowatunza wananipenda, isipokuwa bibi mmoja anayeniita kwa jina la dada yake aliyekufa, nami naitika.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti, wifi ameniambia, unausikiliza nusu ukaufuta. Lakini maandishi hujawahi kuyaacha katikati tangu utotoni. Hata gazeti lililofungiwa bajia ulikuwa ukilinyoosha ulisome, mafuta na yote. Basi hii utaisoma hadi mwisho, nami nimeyaweka mwishoni yale mazito.

Sikuandikii kukugombeza. Mwezi ujao mwanao Ziyad anaoa huku London, nawe umeshasema ya kwako nikayasikia. Kwamba alijiposea mwenyewe, akaenda kwa baba wa mchumba wake Serah, Mzee Njenga, kama mtu asiye na wazee, kisha ndiyo akakupigia simu kukuarifu. Kwamba Mama yetu naye alitoka bara kama Serah, lakini Baba aliomba ruhusa kwanza, Babu akaridhia, na siku ya harusi akamkabidhi upanga wa ukoo kwa mkono wake mwenyewe. Ukamalizia kuwa asiyeomba ruhusa hapewi upanga, na kwamba huji. Wifi alilia kwenye simu siku hiyo. Kosa la Ziyad nalikubali na yeye analikubali, na radhi ameomba mpaka mimi mwenyewe nimechoka kumsikia akiomba.

Huyo Serah ni muuguzi, mcheshi, na ananiita shangazi kana kwamba nimemlea. Anapika pilau inayoshinda yangu, na hilo likitoka nje ya barua hii nitajua ni wewe. Siku moja aliniuliza bwana harusi wa kwetu huvaa nini. Nikamweleza kanzu, joho na kilemba, kisha nikajikuta namweleza na ule wakati wa kutoka nyumbani kwenda kwenye nikaha, baba anapomsimamisha mwanawe mlangoni na kumtia upanga mkononi. Serah akasema kama ni hivyo basi Ziyad atafutiwe upanga, hata wa kununua, asitoke mlangoni mikono mitupu kama mtu anayekwenda dukani. Ziyad alisita siku kadhaa, kisha akakubali, na mimi nikachaguliwa kuwa mshauri. Mimi, Kaka, ambaye katika maisha yangu upanga niliowahi kuugusa ni ule wa ukutani kwetu tu!

Tukaenda Kenton, upande wa pili kabisa wa mji huu, kwa bwana mmoja aitwaye Nitin. Mhindi wa Kisumu huyo, Kiswahili chake bado kina vumbi la kule, na akijua unatoka Mombasa anakuuliza habari za viazi vya karai kabla hajakuuliza unataka nini. Dukani mbele anauza mavazi ya maharusi wa Kihindi. Nyuma anauza panga za kuigiza zile za kale, za wapiganaji wa Kizungu waliovaa chuma. Wateja wake ni Waingereza ambao mwisho wa juma huvaa hivyo wakaenda uwanjani kutwangana, kisha wakanywa chai. Usicheke. Ni watu wazima, wengine wahasibu.

Nitin alitueleza kuwa sheria za hapa zinawabana wauzaji kwenye panga ndefu zilizopinda, kwa hivyo zake karibu zote ni nyoofu. Nikamwambia vizuri, maana na wa kwetu umenyooka. Tukamwomba za bei ya watu wa kawaida, naye akatandika tatu juu ya meza.

Wa kwanza uling'aa mpaka nikajiona meno. Lakini mwisho wa mpini ulikuwa na simba upande mmoja na msalaba upande wa pili, nikamwambia Ziyad akiingia nao kwenye nikaha sheikh atauliza tumetoka kupigana vita gani. Tukauweka kando. Wa pili haukuwa na mbwembwe: chuma cheusi kidogo, mzito, ukiushika unatulia mkononi wenyewe. Nitin akatuonyesha jinsi mkia wa chuma unavyopita ndani ya mpini wote, ukatokeza nyuma na kupigwa nyundo mpaka ukasambaa kama kichwa cha msumari. Akasema ndivyo zilivyofanywa zile za kale, na upanga wa namna hiyo haulegei, hata wajukuu wataurithi. Moyo wangu ukalala hapo hapo. Wa tatu ulikuwa wa mapambo ya ukutani. Huo mkia wake ni mfupi, umekazwa kwa nati iliyofichwa chini ya kifuniko cha shaba, na baada ya muda mpini huanza kucheza. Nitin mwenyewe aliusema vibaya, na muuzaji anayeiponda bidhaa yake mimi sijapata kumwona.

Ziyad akazichukua moja moja, akaziweka karibu na sikio, akazitikisa. Ule wa simba kimya. Ule mzuri kimya. Ule wa mwisho ukalia, kata kata, kama meno ya mtu mwenye homa. Basi akatabasamu, mara ya kwanza tangu ulipomkatia simu, akaniambia, "Shangazi, huu unalia kama wa Baba." Akaununua huo.

Nilimgombeza njia nzima. Nitin alikuwa ameufunga ndani ya boksi kwa utepe mwingi na kutuonya tusiufungue mpaka nyumbani, maana askari wa hapa hawana mzaha na vyuma. Tukawa tumekaa kwenye treni, boksi katikati yetu kama maiti wa paka, nami nasema tu, kwamba amechagua kibovu na kizuri kipo. Alinisubiri nichoke. Kisha akasema hakwenda kutafuta upanga wa kuchukua nafasi ya wako. Angenunua ule mzuri, nafasi ingejaa. Huu ni wa kushikilia mahali tu mpaka mwenyewe afike, na kama hafiki, basi kila mtu aone kuwa pana pengo.

Halafu akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Kwamba kila mkesha wa Idi ulikuwa ukiushusha upanga ukutani, unamwambia ashike bapa kwa kitambaa, nawe unakaza nati kwa spana. Ati hapo ndipo ulipokuwa ukizungumza naye bila ukali, mkono wako umeshughulika, ukimuuliza habari za shule na za marafiki zake. Nililia, Kaka. Nililia ndani ya treni ya watu, na mzungu mmoja akanipa karatasi ya pua.

Upanga sasa umetundikwa sebuleni kwangu. Nilitaka kuukaza kwa koleo yangu ya jikoni, Ziyad akanizuia. Akasema hiyo si kazi yangu.

Sasa nifike pale nilipokuahidi, na ukae sawa.

Usiku ule maneno ya Nitin hayakuniondoka kichwani. Za kale hupigwa nyundo, na nati ni za mapambo. Na wa kwetu una nati. Wewe unajua kuliko mtu yeyote, maana tangu Baba akiwa hai wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia ile spana, na baada yake umeikaza kwa mkono wako miaka yote hii. Upanga wa ukoo uliotoka kwa babu wa babu, nao unakazwa kwa spana ya baiskeli. Hujawahi kujiuliza?

Mimi sikuwa na haja ya kujiuliza, kwa sababu Mama aliniambia. Ilikuwa juma lile nilipofungasha kuja huku. Alinikalisha kitandani akaniambia Baba aliomba ruhusa kama inavyosimuliwa, hilo ni kweli. Lakini Babu alikataa. Alisema haolewi mtu wa bara katika nyumba yake, na upanga wa ukoo akampa Ami mkubwa aliyehamia nao Lamu, haukuonekana tena. Baba akaoa hivyo hivyo. Asubuhi ya nikaha alikwenda mwenyewe dukani Mombasa, akanunua upanga wa mapambo, akautia mkononi mwake mwenyewe, mlangoni kwake hakuna mtu. Mama alisema hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote, kwamba Baba alisimama mlangoni peke yake.

Babu alikuja ulipozaliwa wewe. Akakushika, akauona upanga ukutani, hakuuliza. Lakini alipotoka nje akawaambia watu kuwa ni yeye aliyempa mwanawe. Na Baba akanyamaza. Alimwachia mzee uongo ule uwe wake, amani irudi, na sote tukalelewa ndani yake. Mama alisema Twalib anaipenda sana hadithi hiyo, nisikuvunjie ila siku ikibidi. Nimeona imebidi.

Sikuambii haya nikudhalilishe. Kwangu mimi upanga ule umepanda thamani. Babu alikaa na hasira zake mpaka mjukuu akazaliwa, na siku aliyoikosa hakuipata tena, ikabidi aitunge. Wewe bado hujaikosa. Ushushe ukutani, fungua ile nati uutazame mkia wake ulivyo mfupi kwa macho yako, kisha uamue. Ukipenda kuja nao, umenyooka kama nilivyosema, na Nitin atatueleza taratibu za kuuingiza. Ukiona tabu uache, njoo wewe. Ziyad sijamwambia lolote, na sitamwambia. Hilo nimekuachia wewe, kama utaona lina faida mlangoni.

Nisalimie wifi, umwambie joho limeshonwa na limemkaa mwanawe vizuri mabegani. Wasalimie majirani wote wa mtaa, na yule paka wenu mwizi. Mzee Njenga anakusalimu, anasema ana hamu ya kukuona mkabishane ana kwa ana. Serah anakubusu mkono.

Na usihangaike kufunga spana kwenye mizigo, Kaka. Spana huku zimejaa. Mkono wa kuishika ndio tunaoukosa.

Nduguyo akupendaye,
Faridah