Kandambili Zako Tumboni mwa Bwana Afya

Mama,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, lakini sitaki useme nimeanza maneno kabla ya salamu.

Bwana Afya ni mzima. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu ungemuulizia yeye kabla yetu sisi wanao, huyo nguchiro wako uliyempa jina kwa tabia yake ya kukagua kila sufuria. Lakini nusura wamzike kama walivyokuzika wewe, na hasira hiyo ndiyo imenikalisha hapa.

Baada ya kuanua matanga tuligawana vitu vyako. Shangazi Tabu alichukua vitenge vyote vizuri, tena kwa kuchagua, usidhani aliona haya. Kandambili zako za bluu hazikupata mtu. Bwana Afya naye alikuwa anazunguka akilia, anachungulia uvunguni mwa kitanda chako, anakwenda mpaka kwenye vichanja vya kahawa. Shangazi akamwonea huruma, akamwekea kandambili moja kwenye boksi lake la kulalia. "Asikie harufu ya mwenyewe, atulie." Kweli akatulia. Kila mtu akamsifu Shangazi.

Halafu akaanza kukonda. Dagaa ananusa anaacha, yai anaacha, hata panya! Anatapika, anasaga meno, choo kinatoka cheusi chenye kamasi. Na hapa nyumbani wakasema nini? "Ni mawazo. Anamfuata mwenyewe." Shangazi akamwongezea kandambili ya pili, akamwombea.

Mama, hilo neno mawazo! Si ndilo walilokupa wewe? Baba alipofariki ukaanza kupungua, kitenge kinakuzunguka mara mbili, uji ukinywa unarudi. Nikija kutoka Tunduma nasema twende hospitali, Shangazi ananikata: "Mjane hukonda, mwanangu. Mawazo hayo." Baba Mdogo anaitikia, wazee wa kanisa wanakuja kuomba. Na wewe ukakubali! Unaniambia, "Yataisha, mama," huku umeshika tumbo. Mpaka leo sijui nini kilikuua. Watu wakiuliza nasema aliugua tumbo, basi.

Kwa hiyo safari hii sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimtia Bwana Afya kwenye kikapu nikapanda naye gari mpaka Vwawa, kwa daktari wa mifugo. Daktari akacheka, akasema yeye amezoea ng'ombe. Kisha akaacha kucheka. Akauliza anakula nini, analala wapi, alianza lini. Akamfungua mdomo akaangalia fizi. Akapima choo kutafuta minyoo, hakuna. Mwisho akambonyeza tumbo polepole kwa vidole viwili, na Bwana Afya akapiga kelele. "Kuna kitu kigumu hapa." Akamchoma sindano ya usingizi, akampasua. Vikatoka vipande vya mpira wa bluu. Alikuwa anazitafuna kandambili zako kidogo kidogo, zikamziba utumbo.

Nilikaa kwenye benchi nikalia, na si kwa ajili ya nguchiro. Vidole viwili tu, Mama! Wewe hakuna aliyewahi kukubonyeza hilo tumbo.

Nilipomwonyesha Shangazi vile vipande alisema, "Basi maombi yetu yamemponya." Nikamjibu vibaya. Sasa hatusemeshani, na Baba Mdogo anataka nikamwombe radhi. Siku nyingine labda. Leo sitaki.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi nami nimepungua. Sketi zinanipwaya, na chakula kikishuka kinaniuma palepale ulipokuwa unashika wewe. Wameshaniona. Jumapili baada ya ibada nilimsikia Shangazi akimnong'oneza jirani kwamba mtoto anamfuata mama yake.

Sikufuati, Mama. Nakupenda, nakukumbuka, lakini sikufuati. Jumatatu nakwenda hospitali. Watanibonyeza watakavyo, watachukua damu, watachukua choo, na sitaondoka hapo mpaka mtu aniambie jina la ugonjwa. Huenda likawa ndilo la kwako pia. Nikilipata nitakuja kaburini nikwambie, maana na wewe ulistahili kujua.

Lala salama.

Kitinda mimba wako,
Tusekile