Mawese Kwenye Robine ya Kioo

Jumatatu, 7 Septemba 1998
Jua kali tangu saa mbili. Moshi wa tanuri la samaki la Mama Ngosa umepita kwenye bomba, ukaingia tangi la kioo lenye maji na unga mweupe wa titani. Lengo: jua na unga viugeuze moshi kuwa gesi ya kuwasha. Jioni, sentimita mbili za gesi juu ya maji. Nimeandika. Profesa Mulenga yuko Lusaka, anawaonyesha wafadhili vipimo vyangu. Wakikubali, atasaini barua ya kibali changu cha kukaa Nchelenge mwaka mwingine. Kinaisha mwezi huu. Ng'ambo ya ziwa, kwetu Kongo, vita.
Mama Ngosa hachoki kunicheka: "We karani, moshi munaikamata, mbona macho yangu ingali inalia?"

Jumatano, 9 Septemba
Msiba kwa kina Mama Ngosa. Tanuri baridi. Niliacha tangi juani kwa mazoea. Nilizoezwa hivyo katika maabara yetu ya zamani Lubumbashi: harufu ya spiriti, madirisha marefu, jakaranda nje. Huko siku bila kipimo ilikuwa aibu.
Jioni, sentimita mbili. Nikaiwasha. Mwali uleule wa bluu.
Bila moshi.
Naogopa.

Alhamisi, 10 Septemba
Sikula. Nimekagua kila kitu mara tatu. Ni robine, koki ya kioo ya tangi. Grisi ya maabara iliisha Julai, nikaipaka mawese. Nyumbani Kilwa, ng'ambo ya ziwa, mama alipaka mawese kila kitu: bawaba, mnyororo wa baiskeli, magoti yetu kabla ya misa. Chupa hii aliificha mwenyewe kati ya nguo zangu siku nilipovuka. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Mafuta yakaingia majini, jua na unga vikayavunja. Gesi ilitoka humo. Miezi miwili nimepima mawese ya mama.

Ijumaa, 11 Septemba
Nimeosha tangi na robine kwa sabuni na maji ya moto. Unga mpya. Moshi umerudi. Jioni, hakuna kitu.
Profesa anafika kesho. Tone moja tu la mawese na sentimita mbili zitarudi. Nani atajua? Nilikaa na chupa mkononi. Inanukia sombe, yale majani ya muhogo ya Jumapili, mama akikoroga, sisi tukingoja na sahani. Nimeifunga.

Jumamosi, 12 Septemba
Nimemwambia Profesa. Nikampa daftari.
"Mawese?" akauliza. Akaketi juu ya ndoo. Wafadhili walikuwa wamekubali. Sasa atawaandikia kwamba vipimo vyote ni batili. Barua yangu hakuitaja. Sikuthubutu kuuliza.

Jumatatu, 14 Septemba
Profesa ameondoka na basi la alfajiri. Mezani ameacha kopo la grisi na barua yangu. Imesainiwa. Miezi mitatu, si mwaka.
Mchana Mama Ngosa amepika sombe kwa mawese yaliyobaki kwenye chupa ya mama. Akalamba kidole. "Hii ni ya Kilwa, mutoto yangu." Nikageukia ziwa.
Jioni, sifuri. Nimeandika kwa wino.