Kibuyu Kilichokaa Juu ya Meko Yako

Mama yangu,

Nakuandikia huku Kasimu, kitinda mimba wako, amelala kwenye mkeka wako wa zamani, akikoroma kama baba. Nimemtoa porini asubuhi hii. Usishtuke, ni mzima. Lakini nina neno moyoni, na hapa Lusangi simwoni wa kumwambia bila neno hilo kufika kwa polisi. Huko kaburini ulikolala wewe, hawafiki.

Unakikumbuka kile kibuyu cha kuvutia bangi, chenye maji ndani na mwanzi ubavuni? Baba alijigamba kuwa ni chake, nawe ukamwacha ajigambe. Mwenye kukitoa ulikuwa wewe. Wanaume wakirudi shambani walikaa barazani wakikutazama kama kuku wanaongoja mtama, nawe ukawapitia kwa macho mmoja mmoja. "Mutu hajakula, hapati moshi," ulisema. Aliyegombana na mkewe hakupata. Aliyekuwa anakwenda kuwinda hakupata. Kijana asiye na nyumba yake hakuthubutu hata kusogea. Na binamu yako Mulamba, ambaye bangi ilimvuruga akili mpaka akawa anaongea na mbuzi, ulimnyima kabisa. Alipolia ulimpa ndizi mbivu, ukamkalisha karibu yako. Kazi yangu ilikuwa kukiosha kibuyu na kukirudisha juu ya meko.

Kisha akaja yule Mzungu wa teritware, mtawala wa wilaya yetu, kukagua kijiji. Tulikwisha kusikia kwamba serikali imekataza bangi. Ukadhani, kama walivyodhani wengi hapa, kwamba inakataza ya ovyo tu, kama ilivyokataza choo kibovu na kutaka choo kizuri. Ukamwonyesha choo, akaitikia kwa kichwa. Ukamwonyesha shamba la pamba, akaitikia tena. Basi ukaingia ndani, ukatoka na kibuyu, nami nilikuwa nimekiosha kinang'aa.

"Bwana, angalia," ulisema. "Ya hapa kwetu haitembee ovyo. Iko na mulinzi, ni miye."

Uso wako ulikuwa wa mtu anayengoja sifa. Karani wake aliinamisha kichwa kabla ya kutafsiri. Polisi alikivunja kibuyu kwenye jiwe lako la kusagia, baba, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, akapigwa fimbo mbele ya watu, akapelekwa jela Kasongo. Alirudi bila kicheko chake. Nawe mpaka unakufa ulikuwa unasema, "Ningenyamaza."

Mama, nimekaa na neno lako hilo miaka mingi, na leo nalikataa. Hukukosea. Walivunja kibuyu, mmea hata haukujua. Bangi ingali inaota kando ya mto Luama kama zamani, ila sasa haina mwenyewe. Wanavuta vijana, wanavuta wenye njaa, wanavuta peke yao wakisikiliza kama polisi anakuja. Akina Mulamba wa leo hakuna wa kuwanyima. Bia inauzwa dukani Kabambare: muuzaji ana ruhusa, mlango una saa ya kufungwa. Walevi wanaanguka mtaroni, na bado sijasikia chupa zote zimevunjwa. Kwa nini bangi isiwe na mlango na mwenye kuufunga? Padri ananiambia ni dhambi, nami simbishii, kwani sijavuta maishani mwangu. Ninachojua ni kwamba moto wa jikoni na moto wa porini ni moto uleule, na ule wa jikoni una mtu wa kuuchunga.

Kasimu wako amekuwa wa porini. Anavuta bila kula, anachanganya na pombe kali ya mahindi. Jana mkewe alikuja na mtoto mgongoni, akapiga magoti pale mlangoni. "Dada, weye ndio mukubwa wake. Umurudishe. Wakimukamata tena, hatarudi muzima." Nikamkumbuka baba alivyorudi, nikaogopa sana. Naogopa hata sasa.

Basi nimechukua kibuyu kikavu kilichokuwa tupu. Nimekitoboa na kukitia mwanzi kama nilivyokuwa nakuona ukifanya, na kiko juu ya meko. Wakikikuta, jela ni yangu, ninajua. Sitamwonyesha mkaguzi yeyote, hilo nimejifunza kwako. Lakini nimemwambia Kasimu: utavuta hapa, mbele yangu, siku nitakayotaka mimi, na pombe hutagusa. Alinitazama sana, akasema, "Unasema kama mama." Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Labda siku moja watawala watauliza wanawake kama wewe namna ya kuitunga sheria. Mimi siwezi kuwangoja.

Pumzika, mama. Sasa naona mkono wa Kasimu unakitafuta kibuyu juu ya meko, na macho hata hajafumbua. Naiweka kalamu chini. Bugali iko tayari, sombe ya majani ya muhogo iko tayari, na yeye hajakula.

Mwanao wa kwanza,
mwosha kibuyu wako